Mhakiki Si Shahidi wa Kukodi

Wanachuo wenzangu, msimu wa insha umefika. Wengi wetu tunaingia intaneti, tunaandika "uhakiki wa Kinjeketile", tunabeba kinachotangulia kuja. Basi insha ishirini zinasema jambo moja: tamthilia hii ya Ebrahim Hussein ya 1969 inahimiza umoja dhidi ya ukoloni. Kweli, lakini nani hajui? Mhadhiri anataka kusikia wewe unasemaje.

Mimi huanza na swali, siyo jina la kitabu. Mfano: kwa nini Kinjeketile, ambaye mwenyewe ameshaanza kuyatilia shaka maji, anakataa mwishoni kutamka kwamba ni uongo? Swali hilo linanipa maneno ya kutafutia: imani, uongozi, tanzia, historia.

Pa kwanza pa kutafuta ni utangulizi wa Hussein mwenyewe, ambao wengi tunauruka. Humo anatahadharisha kuwa Kinjeketile wake si yule wa historia. Halafu chukua kumbukumbu za Vita vya Maji Maji zilizokusanywa na Gwassa na Iliffe, zilizochapishwa 1968. Ukiona tamthilia imeachana na historia, simama hapo: mwandishi amechagua kitu, nawe una la kuuliza.

Pili, kuna kitabu kizima cha Alain Ricard kuhusu Hussein. Kilitoka kwa Kifaransa 1998, kisha kwa Kiingereza 2000, na kinamtazama sana mtu binafsi mbele ya jamii yake. Tatu, majarida: Kiswahili na Mulika, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni. Ukipata makala moja nzuri, nenda moja kwa moja kwenye marejeleo yake. Mhakiki mmoja atakupeleka kwa watatu.

Sasa, usikusanye wanaokubaliana nawe tu. Ukiamini Kinjeketile ni shujaa, mtafute anayemwona kama mateka wa neno lake mwenyewe. Kisha rudi kwenye tamthilia. Msome tena Kitunda, jemadari mwenye mashaka, uone nani kati yenu ana ushahidi. Andika ukurasa papo hapo, usije ukahangaika usiku wa kukusanya kazi.

Mhakiki anakuonyesha njia tu. Hukumu ni yako, na maksi zipo hapo.