Mali Bila Daftari: Tuwatafute Viumbe wa Mtaa Wetu



Katika somo hili tunajifunza jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao. Ni namna ya kufungua hifadhidata ya viumbe katika intaneti na kuuliza: "Hapa kwetu, ni wanyama gani, ndege gani na miti gani imekwisha kuandikwa?" Hifadhidata ni daftari kubwa lililowekwa ndani ya kompyuta, na mtu aweza kulifungua popote alipo. Mfano wetu ni Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale, lakini hatua ni zilezile hata kama kikundi chenu kiko Taita au Kisumu.

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana hutunza mikoko pembeni mwa hori la Tudor, ule mkono wa bahari unaopita nyuma ya kisiwa. Siku moja waliitwa barazani. Wakaambiwa kuna mradi, na sehemu ya ufuo itajazwa udongo. Mezani palikuwa na ripoti. Katibu wa kikundi akaomba kuisoma. Akakuta mstari mmoja tu juu ya viumbe: mahali hapo hapana viumbe wa kutajwa.

Mzee mmoja mvuvi akauliza, "Hapana? Na kaa koko ninaouza kila wiki natoa wapi, jikoni kwangu?" Watu wakacheka. Lakini mwenye ripoti akajibu kwamba ametazama katika kompyuta na hakuona kitu.

Jioni ile katibu alikuja kwetu akauliza, "Hiyo kompyuta aliyotazama yeye, sisi hatuwezi kuitazama?" Tukamwambia, mnaweza, tena bure. Tukakaa nao, tukajifunza pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

DAFTARI ZENYEWE NI ZIPI?

Ziko nyingi, lakini kwa kuanzia zatosha tatu.

Ya kwanza ni GBIF. Ilianzishwa mwaka 2001, na ofisi yake kuu iko Copenhagen, nchini Denmaki. Hukusanya kumbukumbu kutoka majumba ya makumbusho, vyuo na watu wa kawaida duniani kote. Sasa ina kumbukumbu zaidi ya bilioni mbili. Kutazama ni bure; mkitaka kupakua orodha yote, mtajiandikisha, nako ni bure.

Ya pili ni iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 huko California. Hapo mtu yeyote hupiga picha ya kiumbe, huandika mahali na tarehe, na wengine humsaidia kukitambua.

Ya tatu ni Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya iliyoanza mwaka 2013. Hii ni ya ndege tu. Nchi imegawanywa katika miraba midogo, na watu hujaza ndege waliowaona katika kila mraba.

HATUA ZA KUTAFUTA

1. Kubalianeni swali. Msifungue kompyuta kabla ya kujua mnatafuta nini, mtamaliza bando bure. Kikundi chetu kiliandika maswali mawili: Ni viumbe gani wameandikwa kuzunguka kisiwa? Na ni miti gani ya mikoko imeandikwa katika hori la Tudor?

2. Tafuteni jina la kitaalamu. Majina yetu ni mazuri, lakini jina moja huenda likabeba vitu viwili. Chukueni neno "mkoko". Mtu akisema mikoko, huenda anataja miti yote ya maji ya chumvi. Lakini mjenzi akitaka mkoko, anataka mti mmoja tu. Kwa hiyo andikeni hivi:

Mkoko: Rhizophora mucronata
Mchu: Avicennia marina
Mlilana: Sonneratia alba
Mkandaa: Ceriops tagal
Mkomafi: Xylocarpus granatum

Jina la kitaalamu ni moja dunia nzima. Mchu wa Tudor na mchu wa Australia utaupata kwa jina lilelile. Msione haya kulinakili herufi kwa herufi; hata wasomi hulinakili.

3. Wekeni mpaka wa eneo. Mkiandika "Kenya", mtaletewa nchi nzima, simba wa Mara na flamingo wa Nakuru. Katika GBIF mtaona ramani ambayo mnaweza kuchora juu yake kisanduku. Kisiwa cha Mombasa kimo ndani ya kisanduku cha kutoka 4.02 hadi 4.09 kusini mwa ikweta, na 39.62 hadi 39.69 mashariki. Kisanduku hicho kitagusa pia kando za Nyali na Likoni, si neno. Lakini angalieni sana: kompyuta huandika kusini kwa alama ya kutoa, yaani -4.06. Mkisahau kialama hicho, mtajikuta kaskazini mwa ikweta, mbali kabisa na kwenu.

Katika iNaturalist kazi ni rahisi zaidi. Bonyezeni palipoandikwa 'Explore', kisha andikeni jina la mahali katika nafasi ya 'Location'.

4. Someni kila kumbukumbu kama shahidi mahakamani. Msihesabu tu. Muulizeni: Nani aliona? Lini? Ushahidi ni nini, picha, mzoga uliohifadhiwa, au macho tu? Mahali pamepimwa kwa uhakika wa mita kumi au kilomita kumi?

5. Hamisheni katika daftari la kikundi. Chora safu tano: jina letu, jina la kitaalamu, tarehe, mahali, ushahidi. Katibu aandike, mwingine asome kwa sauti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walisema juu ya biashara, lakini bahari nayo ni mali.

MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza: jina la Mombasa. Yuko kigogota mmoja aitwaye Campethera mombassica, yaani wa Mombasa. Mkimtafuta katika mitaa ya Kibokoni au Ndia Kuu, mtachoka. Ni ndege wa misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke. Wakusanyaji wa karne ya 19 walifikia Mombasa, na vitu vingi walivyookota bara na pwani vilibandikwa kibandiko cha "Mombasa" tu. Baadaye kompyuta huweka vitu hivyo vyote katika nukta moja, pengine katikati ya mji. Kwa hiyo mkiona kumbukumbu ya zamani ya mnyama wa msituni karibu na Marikiti, msishangae, wala msiiamini upesi.

Mtego wa pili: mahali palipofichwa. Viumbe walio hatarini, kama kasa, iNaturalist huficha mahali pao halisi ili majangili wasipate njia. Nukta huwekwa popote ndani ya mraba wa kiasi cha kilomita 22 kila upande. Mraba huo ni mkubwa kuliko kisiwa chetu chote! Kwa hiyo kiumbe aliyeonekana Mji wa Kale aweza kuonyeshwa bara, na wa bara akaonyeshwa kisiwani.

Mtego wa tatu: majira. Vitwitwi na sululu wanaotembea matopeni ni wageni wengi wao. Hutoka kaskazini ya mbali na kukaa kwetu tangu Agosti au Septemba hadi Aprili. Aliyekuja kutazama katikati ya kusi, mwezi wa Juni, ataandika wachache sana. Aliyekuja wakati wa kaskazi ataona makundi. Tazameni mwezi kabla ya kusema ndege wameongezeka au wamepungua.

Mtego wa nne ndio mkubwa: ukurasa mtupu. Hapa ndipo yule bwana wa ripoti alipoanguka. Katibu wetu alichora kisanduku kidogo juu ya ufuo wao, akabonyeza. Kweli, hapakuwa na kitu. Chumba kikanyamaza. Mama mwenyekiti akasema, "Basi alisema kweli."

Hapana, mama. Ukurasa mtupu wasema jambo moja tu: hakuna aliyekuja kuandika. Watu huandika viumbe pale wanapopenda kutembea, mbugani, hotelini, karibu na Fort Jesus, njiani penye lami. Ni nani huja na kamera kwenye matope ya Tudor penye takataka? Kutoandikwa si kutokuwapo. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa amezaliwa vilevile, ila akifika ofisini ndipo huona taabu.

KUJAZA UKURASA

Basi kikundi kikaamua kujiandikia. Siku ya maji kupwa, vijana wanne walishuka na simu mbili. Mzee mvuvi aliwaongoza, maana simu haijui kaa amejichimbia wapi. Walifanya hivi, nanyi mwaweza kufanya hivi:

• Piga picha zaidi ya moja. Kwa mti: jani, ua, tunda na mizizi. Kwa kaa: mgongo na magando. Kwa ndege: mdomo na miguu ikiwezekana.
• Hakikisha simu imewashwa sehemu ya kutambua mahali, na tarehe yake ni sahihi.
• Usimshike wala kumfukuza kiumbe ili upate picha nzuri.
• Andika unachokijua. Kama unajua ni kaa lakini hujui wa aina gani, andika kaa. Wengine watakuongoza.
• Tuma ukifika penye mtandao. Si lazima kutuma ukiwa matopeni.

Katika iNaturalist, zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wakikubaliana juu ya aina, na picha, tarehe na mahali vipo, kumbukumbu hupanda daraja. Ikiwa mwenyewe ameruhusu itumiwe, huweza kupelekwa GBIF. Kwa hiyo picha ya kijana wa Tudor yaweza kukaa katika daftari moja na ndege aliyehifadhiwa makumbusho ya London.

Lakini tahadhari. Msitangaze viota vya kasa wala mahali wanapotaga. Ikiwa mna shaka, chagueni sehemu ya kuficha mahali. Na wavuvi waulizwe kwanza kabla ya kuonyesha sehemu zao za kaa. Daftari lisiwe la kuwanyang'anya watu riziki.

FAIDA YAKE KWA KIKUNDI

Kwanza, kupanda kwa akili. Kila mti una mahali pake. Mlilana hupenda ukingo wa mbele unaopakana na maji. Mkandaa hukaa juu zaidi, upande wa nchi kavu. Mkijua nini kilikuwapo, hamtapanda miche ikafa.

Pili, kujua wageni wanaoharibu. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja miaka ya 1890, na Mombasa aliandikwa mwaka 1947. Leo ndiye anayepora vifaranga vyetu na kula mayai ya ndege wengine. Tumejuaje tarehe hizo? Ni kwa sababu kuna mtu aliyeandika.

Tatu, riziki. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013 hutunza hekta 117 za mikoko na kupata fedha kutokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zimesaidia maji na shule. Kazi hiyo hutaka hesabu ya miti. Maneno matupu hayatoshi.

Nne, kutetea haki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka miradi mikubwa ifanyiwe uchunguzi, na wananchi watoe maoni kwa NEMA. Maoni yenye orodha, tarehe na picha husomwa tofauti na kelele za barazani.

Kikundi chetu kiliandika barua yake ndani ya siku zilizotajwa katika tangazo. Wakaambatanisha orodha: miti kwa majina yake, kaa koko, mdiria, vitwitwi. Tunapoandika haya, jibu la mwisho halijatoka. Huenda wakashinda, huenda wasishinde. Lakini ule mstari wa "hapana viumbe wa kutajwa" hauwezi kuandikwa tena juu ya ufuo ule. Viumbe wametajwa, na waliowataja ni wenyeji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni viumbe kumi wa eneo lenu kwa majina ya kwenu. Ni wangapi mnajua majina yao ya kitaalamu? Nani awezaye kuwasaidia, mwalimu, afisa wa misitu?
2. Ni kiumbe gani ambacho wazee wanakikumbuka na vijana hawajakiona? Andikeni maneno ya wazee, pamoja na mwaka wa kukadiria.
3. Chagueni vijana wawili wa kutafuta eneo lenu katika hifadhidata. Walete jibu mkutano ujao, hata kama ni ukurasa mtupu.
4. Ni mambo gani ya eneo lenu yasiyofaa kutangazwa? Kwa nini?

Kazi ya wiki hii ni ndogo: kiumbe kimoja, picha tatu, tarehe, mahali. Tuanze hapo.