Kasri la Sinema Lililonusurika Kubomolewa

Ukitaja sinema wengi wetu hufikiria ukuta mweupe na viti vilivyochakaa. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, sinema zilijengwa kama kasri. Leo tutazame moja tu, Fox Theatre ya jijini Atlanta.

Kwa nje utadhani ni msikiti, maana ina kuba na minara. Wala! Chama cha Shriners kilikuwa kikijijengea makao, fedha zikapungua, ndipo kikamkodishia William Fox, tajiri wa filamu. Ilifunguliwa tarehe 25 Desemba, 1929. Ina viti zaidi ya 4,600. Dari lake ni kama mbingu za usiku zenye nyota 96, kumbe ni balbu zilizofichwa juu ya vipande vya fuwele. Hata lile hema kubwa juu ya roshani si kitambaa, ni plasta na vyuma.

Kufikia miaka ya 1970 watazamaji walikuwa wamepungua sana. Kampuni moja ya simu ikataka kununua mahali hapo ili ibomoe na kujenga ofisi. Wananchi wakakataa katakata. Mwaka wa 1975 shirika la Atlanta Landmarks liliundwa, likakopa pesa, na kufikia 1978 deni lilikuwa limelipwa. Kampuni nayo ikajenga jirani.

Je, sinema itageukaje ukumbi wa waimbaji na waigizaji? Jibu ni kwamba Fox ilikuwa na jukwaa tangu mwanzo. Watu wa enzi zile walizoea kuona michezo na kusikia muziki kabla ya picha kuanza. Kinanda chake, Mighty Mo, kina mabomba 3,622, si mchezo!

Lakini kuna jambo lililonikera. Watu weusi walikuwa na mlango wao, wakapanda ngazi ya nje hadi roshani ya juu kabisa. Ubaguzi huo uliendelea hadi miaka ya 1960. Nilipowasimulia wenzangu chamani, mmoja alisema ati jengo kama hilo lingebomolewa tu. Mimi nilimpinga. Ngazi ile ikiondolewa, wajukuu wa waliodhulumiwa wataonyesha nini?

Hapa kwetu Nairobi, sinema ya Shan, Ngara, iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi na wachezaji ngoma. Tumeshamwomba mwalimu mlezi atupeleke tukaone jukwaa lake.