Mizani ya Mwili Majini

Mwanafunzi wa Kolandoto, katika Manispaa ya Shinyanga, hukulia nchi kavu. Lakini maji ya kina hayako mbali naye. Yamo katika malambo ya mifugo, katika mashimo ya machimbo yanayojaa majira ya mvua, na katika Ziwa Victoria, ambako meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, 1996 na mamia ya watu wakafa. Kujua kuogelea, basi, ni elimu ya uhai. Nayo haianzii mikononi wala miguuni, bali kwenye mizani ya mwili.

Archimedes alionyesha kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyahamisha. Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 60 ambaye, akijaza hewa mapafuni, mwili wake una ujazo wa lita 61.5. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi ina kilo 1. Kwa hiyo zikizama lita 60, uzito wake wote umebebwa, na lita 1.5 hubaki juu. Akitoa lita 3 za hewa, ujazo huwa lita 58.5, naye huzama.

Anayeanza kujifunza, kwa hofu, huinua kichwa chote. Kichwa kina ujazo wa lita 4 hivi, na akiba yake ni lita 1.5 tu! Upungufu huo hana budi kuufidia kwa kupigapiga maji mpaka achoke.

Tena, kitovu cha uzito kiko karibu na nyonga, lakini kitovu cha msukumo wa maji kiko juu zaidi, upande wa kifua chenye mapafu. Nguvu hizo mbili huuzungusha mwili, miguu ikadidimia.

Kwa mtindo huru, basi, lala kifudifudi, uso majini, macho yakitazama chini, na mkono mmoja umenyooshwa mbele ili kitovu cha uzito kisogee kuelekea kifuani. Ukitaka pumzi, geuza mwili ubavu, usiinue kichwa. Jifunze katika maji safi yasiyopita kifua, ukisimamiwa na mwogeleaji hodari. Kamwe si lamboni wala shimoni.

Jaribio: Pigilia msumari mdogo kwenye ncha moja ya kijiti chepesi, ukiweke katika ndoo ya maji. Ncha hiyo itainama. Pigilia msumari wa pili, ulio sawa na wa kwanza, kwenye ncha nyingine. Kijiti kitalala. Eleza sababu.

Swali: Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Mtu wetu akijaza hewa na kuelea baharini Tanga, lita ngapi za mwili wake zitabaki juu ya maji?