LAFUDHI NA DHANA YA USANIFU: MFANO WA KIINGEREZA CHA UINGEREZA

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya usanifishaji, istilahi lahaja na lafudhi huchanganywa mara kwa mara. Lahaja hutofautiana kwa msamiati, sarufi na matamshi. Lafudhi hutofautiana kwa matamshi peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kufuata sarufi sanifu ya Kiingereza bila dosari, na bado matamshi yake yakamtambulisha kuwa mwenyeji wa Newcastle, Liverpool au Cornwall. Makala haya yanadai kwamba ile inayoitwa lafudhi sanifu ya Kiingereza haikupata hadhi yake kutokana na sifa yoyote ya kifonetiki, bali kutokana na tabaka la walioitumia. Historia ya sauti moja, [r], inatosha kulithibitisha dai hilo.

2.0 Lafudhi Isiyo na Mahali

Mwaka 1869 Alexander Ellis aliandika juu ya "matamshi yaliyopokewa", yaani yaliyokubaliwa na wasomi nchini kote, huku akikiri kuwa hata hayo yana tofauti za kiasi. Daniel Jones, katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, alikuwa wazi zaidi: aliyoyaandika yalikuwa matamshi ya familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wake walisomeshwa katika shule kubwa za bweni za kulipia. Istilahi ya "matamshi yaliyopokewa" aliichukua mwaka 1926. Jones alisisitiza kuwa anaeleza tu, haamuru. Lakini kamusi ikishafika mezani kwa mwalimu, maelezo hugeuka amri. Jambo hili si geni kwa wanaosahihisha mitihani ya Kiswahili.

Mwaka huohuo wa 1926 BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji kuhusu matamshi, na Jones alikuwa mjumbe wake. Mwaka 1941 Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika Yorkshire, alipopewa kusoma taarifa ya habari ya taifa kwa lafudhi ya kwao, baadhi ya wasikilizaji walilalamika. Habari zilikuwa zilezile. Zilizobadilika ni irabu.

Hapa ulinganisho na Kiswahili unafaa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja yenye wenyewe na mahali pake. Lafudhi aliyoieleza Jones haina mji wala kijiji, ina shule. Mwaka 1974 Peter Trudgill alikadiria kuwa inatumiwa na takriban asilimia 3 tu ya Waingereza.

3.0 Ushahidi wa [r]

Zamani [r] inayofuata irabu, kama katika maneno "car" na "farm", ilitamkwa Uingereza nzima. Tahajia bado inaihifadhi. Mwaka 1791 John Walker alibainisha kuwa London inatamkwa kwa ulegevu. Kufikia karne ya 20 mambo yalikuwa yamepinduka: kuiacha kulikuwa dalili ya elimu, na kuitamka dalili ya ukulima. Uchunguzi wa lahaja ulioongozwa na Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds kati ya 1950 na 1961, katika maeneo 313, mengi yakiwa vijiji, uliikuta [r] ikiwa hai kusini-magharibi na katika sehemu za Lancashire.

Ng'ambo ya Atlantiki hali ni kinyume. Mwaka 1962 William Labov alipita katika maduka makubwa matatu ya New York, akiuliza bidhaa iliyopo ghorofa ya nne ili wauzaji wajibu "fourth floor". Wauzaji wa duka la bei ghali waliitamka [r] mara nyingi zaidi kuliko wa duka la bei nafuu. Kama sauti hii ingekuwa na ubaya wake yenyewe, isingeweza kuwa ushamba Somerset na ustaarabu New York.

Kinachopimwa, basi, ni mtu. Katika majaribio yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, Howard Giles aliwasikilizisha watu kanda za lafudhi mbalimbali. Mwenye matamshi yaliyopokewa alihukumiwa kuwa na akili na uwezo zaidi. Wenye lafudhi za majimbo walionekana wakarimu na waaminifu zaidi. Wasikilizaji hawakuambiwa kuwa aliyezungumza katika kanda hizo alikuwa mtu mmoja.