Dhamana ya Mwenye Kutengeneza Mishumaa Nyumbani, na Hukumu ya Bima Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baada ya hayo, ametuandikia ndugu yetu mmoja, asili yake mtu wa Tanga, ambaye riziki imempeleka bara mpaka Kifanya, kata moja ya Mji wa Njombe, nchi ya baridi na misonobari na mashamba ya chai. Huko mkewe ameanza kazi ya kutengeneza mishumaa nyumbani, kwa nta ya nyuki na nta ya parafini, na yeye huichukua akaiuza Njombe mjini na Makambako siku za soko. Mwaka jana mshumaa mmoja aliouza, uliomiminwa ndani ya bilauri, uliipasua ile bilauri usiku, moto ukashika pazia na godoro la mnunuzi. Alhamdulillahi hakufa mtu. Mwenye nyumba alikuja kudai, na ndugu yetu akalipa kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa karo ya watoto. Sasa auliza mambo matatu: je, ilimpasa kulipa? Je, iko bima ya kumkinga na madai kama hayo? Na je, bima hiyo ni halali kwake?

Tumeonelea kuyajibu haya katika waraka wetu wala si kwa barua ya siri, maana wako wengi wetu hapa pwani ambao wake zao hupika sabuni, huuza mafuta ya nazi, hutengeneza udi na achari, na mambo haya yatawafika wao kama yalivyomfika yeye.

Jua kwanza, ewe ndugu, ya kuwa kulipa alichoharibiwa mwenzako si jambo lililoletwa na mahakama za Kizungu. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alikataza mtu kumdhuru mwenziwe, na juu ya msingi huo fukahaa wamejenga mlango mzima wa dhamana. Na kwa habari ya moto wenyewe, imepokewa ya kuwa alituamrisha kuzima taa wakati wa kulala, kwani panya huweza kuuvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Tazama jinsi sheria yetu ilivyoingia mpaka katika utambi!

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema juu ya mtu awashaye moto katika milki yake, kisha ukaruka kwa jirani. Ikiwa aliuwasha kwa kadiri ya ada, na upepo haukuwa mkali, hana dhamana. Na ikiwa alipita kiasi, au aliuwasha siku ya upepo wa nguvu, basi atalipa, kwa kuwa amefanya taksiri. Hii yahusu nyumba ya ndugu yetu yenyewe, pale jikoni anapoyeyusha nta. Ama mshumaa uliokwisha kuuzwa, aliyeuwasha ni mnunuzi, naye ndiye mwenye kutenda. Muuzaji ni mwenye kusababisha tu, na asili ya hukumu humwendea mtendaji. Lakini muuzaji akiijua aibu ya bidhaa yake akaificha, hiyo ni ghishi, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha; wala hapana mwanachuoni aliyemwachilia mwenye kughushi.

Sheria ya serikali imekwenda mbele zaidi ya hapo. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley nchi ya Scotland, mwanamke mmoja alikunywa soda ya tangawizi iliyonunuliwa na rafiki yake, akaona ndani ya chupa mabaki ya konokono aliyeoza. Hakuwa na mapatano yoyote na mwenye kiwanda, wala si yeye aliyetoa fedha. Lakini mwaka 1932 baraza kuu la Uingereza lilihukumu ya kuwa mtengenezaji ana wajibu wa kumhadhari kila atakayeitumia bidhaa yake, hata asiyemjua. Hukumu hiyo imeenea katika nchi zote zilizopokea sheria ya Kiingereza, na Tanganyika ni mojawapo. Kisha Tanzania ikatunga Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndani yake mna sehemu mahsusi ya wajibu wa mtengenezaji, na nyingine ya usalama wa bidhaa. Hapana mahali iliposema ya kuwa atengenezaye jikoni kwake ameachwa nje.

Basi swali la kwanza jibu lake ni hili: ikiwa bilauri ile haikuwa ya kustahimili moto, au utambi ulikuwa mnene kuliko chombo, au hakuandika onyo lolote, yalimpasa kulipa, na alivyolipa amefanya vyema. Na tukisema kweli, ndugu, bilauri ya kunywea maji haikuumbwa kuwa chombo cha mshumaa. Hili hatuwezi kulipamba.

Sasa tuje kwenye bima. Neno hili tumelipata kwa wafanyi biashara wa Kihindi, na kwa muda mrefu sisi tumelijua kwa gari tu, kwa sababu ile ya gari ni ya lazima kwa sheria. Katika Tanganyika na baadaye Tanzania kazi hii ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoasisiwa mwaka 1963, nalo likawa peke yake tangu serikali ilipozitaifisha kampuni za bima mwaka 1967 hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa wengine. Leo kampuni ni nyingi, na msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyosimamishwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Watu waliokuwa wakicheka habari za bima ya moto wengi wao walinyamaza tarehe 10 Julai 2021, usiku ule soko la Kariakoo lilipoungua.

Lakini sikiliza hapa, maana ndipo wengi hukosea. Bima ya moto ya nyumba yako hulipa nyumba yako. Hailipi godoro la mnunuzi wa Makambako. Kwa hilo iko bima nyingine, nayo ni bima ya dhima, yaani ya madhara uliyowasababishia watu wengine. Nayo ina matawi mawili yampasayo ndugu yetu. Moja ni dhima kwa umma: mteja aje dukani au nyumbani kwako, amwagikiwe na nta ya moto. La pili ni dhima ya bidhaa: madhara yatokayo kwa kitu ulichokwisha kuuza, kikiwa mbali nawe. Akinunua la kwanza peke yake, yale ya bilauri hayatalipwa. Na tena bima ya makazi ya kawaida mara nyingi huondoa kabisa madhara yatokayo katika biashara. Na mtu asipowaambia wenye bima ya kuwa jikoni kwake hupikwa nta kila siku, huenda wakakataa kulipa hata nyumba ikiungua, kwa hoja ya kuwa aliwaficha. Mapatano ya bima yamesimama juu ya kusema kweli yote, uulizwe usiulizwe.

Namna ya kuitafuta ni hivi. Kampuni kubwa hazipendi kuandika bima ndogo ya mtu mmoja wa kijijini, basi asiende mlango mmoja akakata tamaa. Amwendee dalali wa bima mwenye leseni, ambaye humwakilisha mnunuzi na huweza kuuliza kampuni nyingi. Wakala huiwakilisha kampuni iliyomweka, na tofauti hiyo ni kubwa. Benki nazo siku hizi huuza bima kwa uwakala, hata katika miji midogo. Aulize leseni ya kila anayemwendea, na ahakikishe jina lake kwa Mamlaka. Achukue pamoja naye karatasi yenye habari hizi: hutengeneza mishumaa mingapi kwa mwezi, huuza kwa kiasi gani kwa mwaka, nta yake ni ipi, huiyeyusha kwa chombo gani, huiuza wapi, na ana nini cha kuzimia moto.

Na habari hizo zisiwe za kuandika tu. Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hivi, wala haihitaji moto wa kuungua moja kwa moja. Sufuria ya nta na ikae ndani ya sufuria ya maji, maana maji hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka, na huko milimani huchemka hata kabla ya nyuzi 100. Nta ikishika moto, isimwagiwe maji hata kidogo, kwani maji hugeuka mvuke ghafula yakairusha nta yenye kuwaka juu ya uso wa mtu. Ifunikwe kwa kifuniko au blanketi lenye maji lililokamuliwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hufundisha kazi kama hizi. Na alama ya Shirika la Viwango, kwa mwenye kuipata, ni ushahidi mbele ya mwenye bima na mbele ya kadhi pia.

Akipewa hati, aisome kabla ya kutia saini, na atazame mambo mawili kuliko yote. La kwanza ni kikomo cha fidia. La pili ni kile kiasi cha mwanzo anachobeba mwenyewe. Tuseme kikomo ni shilingi milioni 10, na kiasi cha mwanzo ni shilingi 300,000: godoro na pazia vya shilingi 250,000 atalipa yeye yote, na bima haitatoa senti. Basi bima hii si ya mapazia. Ni ya siku ile mbaya ambayo nyumba nzima imeungua. Na siku hiyo ikifika, awape habari upesi, wala asimwahidi mdai malipo kabla hawajajua, kwani hati nyingi huvunjika kwa ahadi hiyo. Wakimdhulumu, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Swali la tatu ndilo zito. Bima si jambo geni kwa wanazuoni wetu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya bima ya majahazi, aliyoiita sukra, akaikataa. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jeddah mwezi wa Desemba 1985 iliamua ya kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa na kwa hiyo ni haramu, ikaruhusu ile ya kusaidiana iliyojengwa juu ya tabarrui. Wako waliokhitalifu, miongoni mwao Sheikh Mustafa al-Zarqa, aliyeona bima kwa asili yake yafaa. Sisi twafuata kauli ya Majmaa, wala hatumtukani aliyeshika nyingine.

Tabarrui ni nini? Ni watu kutoa mchango kwa nia ya kusaidiana, mfuko ukawa wao wenyewe, na aliyepatwa na msiba akalipwa humo. Mwendeshaji ni wakili wao, apata ujira wake uliojulikana, fedha haiwekwi katika riba, na ikibaki ziada hurejea kwa wenyewe kwa masharti waliyopatana. Huu ndio mpango uitwao takaful. Ulianza kwa kampuni nchini Sudan mwaka 1979. Kenya ukaingia mwaka 2011. Na Tanzania leo Shirika la Bima la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1969, lina mlango wake wa takaful. Ndugu yetu na aanzie huko, aulize waziwazi kama dhima ya bidhaa imo, maana jina la takaful peke yake halimlipi mtu.

Wako watakaosema: sisi tulikuwa na akila, jamaa wa mtu wakimchangia diya, basi bima ya nini? Kweli, akila ni sunna kubwa. Kwa madhehebu yetu tajiri hutoa nusu dinari na wa kati robo dinari kila mwaka, kwa miaka mitatu. Lakini akila hubeba damu iliyomwagwa kwa makosa. Mali iliyoharibika haibebi, hiyo ni juu ya aliyeiharibu peke yake. Na jamaa za ndugu yetu wako Tanga, siku nzima na zaidi kwa gari. Akitaka kukusanyana na wenziwe wa Njombe wenye kazi hii wachangiane, ni jambo jema, mradi libaki baina yao. Wakianza kuuza ahadi ya fidia kwa watu wengine watakuwa wamefanya kazi ya bima bila leseni.

Na asipoipata takaful kwa dhima ya bidhaa? Bima hii hakulazimishwa nayo kama ya gari, basi hana udhuru wa kulazimishwa. Naona aanze kwa kuacha bilauri, auze mishumaa ya kusimama peke yake au ya vyombo vilivyofanywa kwa kazi hiyo, aandike onyo katika kila mmoja kwa Kiswahili kisomekacho, na atenge fungu katika kila faida liwe la dhamana, lisiguswe hata kwa karo. Akiona bado khofu ya madai makubwa imemzidi, na awaulize mashekhe wa huko wamjuao hali yake, kwa kuwa dharura hupimwa kwa mtu na mahali pake.

Limebaki neno moja ambalo hakuliuliza. Katika barua yake amesema mara nyingi «mishumaa yangu», na mara moja tu «mke wangu ndiye aitengenezaye kwa mtaji wa mahari yake». Basi, ndugu, mali hiyo ni ya mkeo, na wewe ni wakili wake katika kuuza. Hati ya bima ikiandikwa kwa jina lako, na madai yakaja juu yake yeye aliyetengeneza, wenye bima watasema hawamjui. Liandikwe jina lake, awe ndiye mwenye hati, na wewe utajwe kuwa muuzaji wake. Na ile fedha ya karo uliyolipa kwa ajili ya biashara yake, mkae nyinyi wawili mpatane kama ilikuwa hiba au ni deni.

Wallahu aalam.