Kuuliza Nako ni Uchochezi?

Wanachama wenzangu, neno "uchochezi" latokana na kuchochea, yaani kusukuma kuni ndani ili moto uzidi kuwaka. Basi nauliza: anayeuliza njia, naye anachochea?

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uitwao Kenya: Twendapi? Aliishutumu serikali ya Mzee Kenyatta kwa jinsi ilivyokibana chama cha upinzani, KPU. Maneno yalikuwa makali, sikatai. Lakini hebu tazameni kichwa chenyewe: ni swali! Mwaka 1969 akafungwa miaka 3 kwa uchochezi.

Wako wanaoshikilia kwamba ulimi usiozuiwa huua, na hawajakosea kabisa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ila haulindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Mipaka hiyo naikubali, kwani yamkinga jirani asichomewe nyumba. Je, sheria iliyomfunga Abdilatif, ambayo Bunge liliifuta 1997, ilimkinga nani? Mtawala, asikosolewe.

Na wala haikumnyamazisha. Huko gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni (ndiyo, za chooni). Yalitoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikashinda tuzo ya fasihi. Tuzo gani, jamani? Ya Jomo Kenyatta!