Dondoo muhimu: Kunenepesha ng'ombe kwa pumba na machicha

Unenepeshaji huchukua takriban miezi 3. Pumba za mahindi, pumba laini za mpunga na machicha ya bia hupunguza gharama, ukizingatia haya:

• Anza polepole. Mpe ng'ombe kilo 1 ya pumba kwa siku, kisha ongeza kidogo kidogo kwa wiki 2. Pumba nyingi za ghafla huchachusha tumbo na zinaweza kumuua.

• Nyasi kwanza. Asile pumba akiwa na njaa. Nyasi kavu humfanya acheue vizuri.

• Kagua gunia. Zamisha mkono hadi katikati, chota, unuse. Pumba zenye joto, mabonge au uvundo zimevunda na huenda zina sumukuvu. Usinunue.

• Machicha mabichi yalishe ndani ya siku 2 au 3, au yashindilie kwenye pipa lisilopitisha hewa.

• Weka chokaa ya mifugo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Chokaa huwakinga maksai na mawe kwenye njia ya mkojo.

• Ongeza mashudu ya pamba au alizeti kwa ajili ya protini.

• Maji safi yasikauke horini.